Sokwe wa Gombe, VVU na mti wa nasaba: je, ugonjwa ulianzia kwetu?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa baiolojia katika shule ya sekondari hapa Kigoma Ujiji. Wanafunzi wangu wamesikia kwenye kijiwe cha kahawa, Kibirizi, kwamba UKIMWI ulianzia Gombe, hifadhi yetu ya sokwe, kwa sababu sokwe wa kule wamekutwa na virusi vinavyofanana na VVU. Nilipopekua mtandaoni nikakuta wanasayansi wamechora "mti" wa undugu kwa kutumia herufi za vinasaba (A, C, G na T), na mti huo unasema asili ni Kameruni. Darasa likanigeukia: mti unachorwaje kutokana na herufi? Na nani alikuwepo akaona?

JIBU: Mwalimu, salamu nyingi, na uwasalimie hao wabishi wako. Hilo swali lao la mwisho ndilo gumu kuliko yote, nami nitalifikia.

Kijiweni wamesema nusu ya ukweli. Sokwe wa Gombe kweli wana virusi. Taarifa ya kwanza ilichapishwa mwaka 2002, na hakuna mnyama aliyechomwa sindano: watafiti walikusanya mkojo na kinyesi msituni, wakatafuta humo kingamwili na vinasaba vya kirusi. Kirusi chenyewe kinaitwa SIV, na kina undugu na VVU. Wala si kipole kama ilivyodhaniwa zamani. Mwaka 2009 ilionekana kwamba sokwe wa Gombe mwenye kirusi hiki ana hatari ya kufa mara 10 hadi 16 kuliko mwenzake wa rika lake asiye nacho.

Nusu isiyo ya kweli imejificha kwenye hilo neno "kwa hiyo". Wana kirusi kinachofanana na chetu, kwa hiyo chetu kimetoka kwao. Kufanana peke yake hakusemi hivyo, na hapo ndipo mti unapohitajika.

Kirusi cha jamii hii kinapozaliana, kinanakili maandishi yake ya urithi, herufi baada ya herufi. VVU vina herufi kati ya 9,000 na 10,000, na kimeng'enya kinachonakili hakina utaratibu wa kujisahihisha, kwa hiyo makosa ni mengi. Kosa likishaingia bila kukiua kirusi, vizazi vyote vinavyofuata vinalirithi. Wewe unayesahihisha mitihani unaujua ushahidi wa namna hii. Watahiniwa wawili wakipata jibu sahihi lilelile, huna la kusema. Wakikosea kosa moja la ajabu, tena kwenye swali la 7, la 12 na la 19, unakwenda kuangalia walikaa wapi.

Tulifanye kwa mkono. Herufi hizi nimezitunga mimi kwa ajili ya zoezi, hazikutoka maabara; kila mstari ni kirusi cha mwenye jina hilo, na Kameruni na Gombe ni sokwe wa huko, lakini hesabu yake ndiyo hiyohiyo inayofanywa na kompyuta:

Binadamu: A T G C A G T C A A
Kameruni: A T G C A G T T A T
Gombe: A T G A A C T T G A
Kima: A C G A A C T T A T

Someni kwa safu, kutoka juu kwenda chini. Safu ya 1, 3, 5 na 7 zinafanana kwa wote, hazitusaidii. Safu ya 2, kima peke yake ana C. Safu ya 8, binadamu peke yake ana C. Safu ya 9, Gombe peke yake ana G. Hizo nazo hazituambii nani amekaa na nani, kwa sababu badiliko la mtu mmoja linaweza kutokea kwenye tawi lake mwenyewe katika mti wowote utakaouchora. Zinabaki tatu. Safu ya 4 na ya 6 zinamweka binadamu pamoja na Kameruni. Safu ya 10 inamweka binadamu pamoja na Gombe.

Viumbe vinne vina miti mitatu tu inayowezekana, ukiwa bado hujaweka mzizi. Hesabuni kila mti unadai mabadiliko mangapi. Unaounganisha binadamu na Kameruni unadai 7. Unaounganisha binadamu na Gombe unadai 8. Unaounganisha binadamu na kima unadai 9. Tunachagua wa 7, na safu ya 10 tunaielezea kwamba badiliko lilelile limetokea mara mbili pasipo undugu. Hutokea, herufi ni nne tu, na bahati nasibu ina nafasi yake.

Sasa waambie wahesabu kufanana kwa jumla, bila kujali mabadiliko. Gombe na Kameruni wanatofautiana mahali 4. Gombe na kima wanatofautiana mahali 3. Mwanafunzi mwenye haraka atasema kirusi cha Gombe kina undugu wa karibu na cha kima kuliko na cha sokwe mwenzake wa Kameruni, na atakuwa amenaswa. Gombe na kima wanafanana kwenye safu ya 4 na ya 6 kwa sababu wote wawili wamebaki na herufi za zamani. Kubaki na cha babu hakuthibitishi kwamba nyinyi wawili mko karibu. Kinachothibitisha ni kushiriki kitu kipya. Mimi naona wanafunzi wakilielewa hili moja, wameelewa robo tatu ya somo, na ndilo ambalo vitabu vingi vya shule hulipita kwa sentensi moja.

Ziwani kwenu kuna ushahidi wa jinsi umbo linavyodanganya. Ziwa Tanganyika lina aina zipatazo 240 za samaki wa jamii ya sikilidi, ile ya kuhe na perege. Mmoja wao, Lobochilotes labiatus, ana midomo minene ya kunyonya wadudu kwenye nyufa za mawe. Ziwa Nyasa nako yupo Placidochromis milomo, mwenye midomo ya namna hiyohiyo. Mtu akipanga kwa macho atawaweka sahani moja. Vinasaba vilipopimwa, na kazi mashuhuri juu ya hili ilitoka mwaka 1993, ilionekana kwamba samaki wa Ziwa Nyasa wana undugu wao kwa wao, na maumbo yanayofanana na ya Tanganyika yalijitokeza upya huko.

Nirudi kwenye herufi. Kwa viumbe vinne miti ni 3, kwa vitano ni 15, kwa sita 105. Vikiwa kumi ni 2,027,025. Ndiyo maana hakuna anayekagua miti yote. Programu hupanda kutoka mti mmoja kwenda ulio bora zaidi, na zikiwa nzuri huanza upya kutoka sehemu nyingi ili zisikwame kwenye kilima kidogo zikidhani ndio mlima.

Halafu njia hii ya kuhesabu mabadiliko machache ina udhaifu. Herufi moja inaweza kubadilika mara mbili au tatu, A ikawa G kisha ikarudi A, nawe ukaona hakuna kilichotokea. Mwaka 1969 Jukes na Cantor walitoa kanuni ya kwanza ya kurekebisha hilo. Kwa kanuni yao, ukiona tofauti 30 katika kila herufi 100, mabadiliko yaliyotokea kweli ni kama 38. Kadiri tofauti zinavyoongezeka ndivyo kinachofichika kinavyozidi, mpaka mifuatano ya herufi inafikia hali ya kufanana kwa bahati tu, robo ya herufi. Na matawi mawili yaliyobadilika kwa kasi sana huweza kuonekana ndugu kwa sababu tu yote yana fujo nyingi. Joseph Felsenstein alilionyesha hilo kihesabu mwaka 1978. Yeye huyohuyo, mwaka 1981, alitoa njia ya kompyuta inayouliza swali jingine: kama mti huu ndio wa kweli, na herufi hubadilika kwa mwendo fulani, kuna uwezekano gani wa kupata herufi hizi ninazoziona? Mti unaoupa ushahidi wetu uwezekano mkubwa ndio unaoshinda. Kazi nyingi za siku hizi zinasimama juu ya wazo hilo au ndugu zake.

Kabla ya kufika Gombe, tuuweke mzizi. Mti usio na mzizi unaonyesha nani amekaa karibu na nani, lakini hausemi lipi lilitangulia. Tunauweka kwa kuingiza kiumbe ambacho kwa ushahidi mwingine tunajua kiko nje ya kundi, kama kima katika zoezi letu. Pale anapojishikiza ndipo mwanzo ulipo. Wakumbushe pia kwamba mpangilio wa majina kutoka juu kwenda chini kwenye mchoro hauna maana yoyote. Tawi unaweza kuligeuza kwenye kiungo chake, yaani pale matawi yanapokutana, na mti ukabaki uleule. Nimeona watu wazima wakisoma mchoro kama orodha ya matokeo ya mtihani, wa juu ndiye bora, wa chini ndiye wa mwisho. Kinachosomwa ni viungo.

Basi, mti halisi. Virusi vya sokwe vinagawanyika matawi makubwa mawili. Moja ni la sokwe wa mashariki, ndio wa Gombe na wa mashariki ya Kongo. La pili ni la sokwe wa Afrika ya Kati, Kameruni na majirani zake. Kama VVU vingetoka Gombe, basi virusi vya binadamu vingeota ndani ya tawi la mashariki, vikiwa vimebeba makosa yale ambayo virusi vya Gombe pekee vinayo. Huo ni utabiri unaoweza kushindwa, na ulishindwa. Mwaka 1999 ilichapishwa kwamba VVU vya aina ya 1, hivi vilivyoenea dunia nzima, vinakaa upande wa sokwe wa Afrika ya Kati. Mwaka 2006 kinyesi kilichokusanywa misituni kilibana zaidi: virusi vilivyo karibu kabisa na kundi M, ambalo ndilo lililosababisha janga lenyewe, vilitoka kwa sokwe wa kusini-mashariki mwa Kameruni.

Mti ulifichua na jambo ambalo hakuna aliyeliuliza. VVU vya aina ya 1 vina makundi manne, M, N, O na P, na hayakai pamoja. Kati ya M na N kuna virusi vya sokwe. O na P yamekaa karibu na virusi vya masokwe wakubwa, yaani gorila, na kwa kundi O hilo lilitiwa nguvu mwaka 2015. Maana yake binadamu aliambukizwa walau mara nne, mbali mbali. Maelezo yanayokubaliwa zaidi ni damu ya nyamapori wakati wa kuwinda na kuchinja. Na ndiyo maana hatusemi sisi ndio tuliowaambukiza sokwe: vyetu ni vijitawi vilivyochomoza katikati ya matawi yao mapana.

Kuna uvumi mwingine uliokatwa na msumeno huohuo. Ulisema chanjo ya polio iliyotolewa Kongo mwishoni mwa miaka ya 1950 ilichafuliwa kwa figo za sokwe wa Kisangani. Mwaka 2004 kirusi cha sokwe wa eneo hilo kilisomwa. Kikaangukia tawi la mashariki, pamoja na cha Gombe, mbali na VVU.

Darasa litauliza ni lini. Hapa mti unageuzwa kuwa saa. Ukiwa na sampuli zenye tarehe, unaweza kupima herufi hubadilika kwa kasi gani kwa mwaka, kisha ukarudi nyuma hadi kwenye kiungo. Sampuli mbili za Kinshasa zimesaidia sana, moja ya mwaka 1959 na nyingine ya 1960. Zilikuwa tayari zinatofautiana mno kati yao, kwa hiyo kundi M lilikuwa limeshazunguka kwa watu kwa miongo kadhaa. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2008 iliweka chimbuko la kundi hilo karibu na 1908, likiwa na nafasi ya kuwa popote kati ya 1884 na 1924. Hesabu ya mwaka 2014 ilisogea hadi karibu na 1920, na ikaielekeza Kinshasa kama mji ambako kundi hilo lilianza kuenea. Miaka arobaini ya shaka si uzembe; anayekupa mwaka mmoja tu bila kusema unaweza kukosea kwa kiasi gani, huyo ndiye wa kumwogopa. Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, alipotia mguu Gombe, Julai 1960, kirusi kilikuwa kimeshakaa mjini Kinshasa muda mrefu.

Sasa lile la "nani alikuwepo". Hakuna aliyekuwepo Kameruni. Lakini njia yenyewe imeshajaribiwa mahali ambapo watu walikuwepo. Mwaka 1992 David Hillis na wenzake walitoa matokeo ya jaribio zuri sana: walichukua kirusi kinachoshambulia bakteria, kiitwacho T7, wakakizalisha maabara na kukigawa matawi kwa makusudi, huku wakiandika kila mgawanyiko. Walikuwa na mti wa kweli mkononi. Wakachukua vinasaba vya wale wa mwisho tu na kuzipa njia mbalimbali za kuchora miti, bila kuzionyesha jibu. Miti iliyowezekana ilikuwa 135,135. Njia zote walizozijaribu zikapata mpangilio sahihi wa matawi. Mimi nikiulizwa na mtu mwenye mashaka ya haki, humpa jaribio hilo kwanza, kabla ya kitu kingine chochote.

Kwa mti mmoja mmoja kuna kipimo ambacho mnaweza kukifanya darasani kwa vikaratasi. Chukueni safu 10 za zoezi letu, kila safu kwenye kikaratasi chake, tieni kwenye kofia. Chota kimoja, nakili safu yake, kirudishe, chota tena, hadi mpate safu 10. Nyingine zitakuja mara mbili tatu, nyingine hazitakuja kabisa. Choreni mti wa herufi hizo mpya. Kompyuta hurudia hivyo mara 1,000. Tawi likijitokeza mara 970 huandikiwa 97. Kwa safu zetu hizi tawi la binadamu na Kameruni litayumba, maana limebebwa na safu mbili dhidi ya moja, na ni vizuri waone likiyumba. Ila namba hiyo inapima kama ushahidi wako unajirudia, haipimi kama njia yako ni sahihi. Mti wenye kosa la kimsingi unaweza kupata 100 kila tawi.

Kosa la kimsingi kubwa kuliko yote katika virusi hivi ni kudhani kwamba historia ni moja. Mwaka 2003 ilionyeshwa kwamba hata SIV ya sokwe yenyewe ni chotara. Sehemu ya mbele ya maandishi yake inakaa karibu na kirusi cha mangabe wa kofia nyekundu, aina ya nyani. Sehemu ya nyuma inakaa na virusi vya kima wa jamii ya yule mwenye doa jeupe puani. Sokwe huwinda nyani wadogo na kuwala, kama wanavyowafanya mbega wekundu huko Gombe, na inaelekea sokwe mmoja alibeba virusi viwili vikachanganyika ndani yake. Ukichora mti mmoja wa maandishi yote, utapata wastani wa hadithi mbili, ambao si hadithi ya yeyote. Ndiyo maana hukatwa vipande, kila kipande na mti wake. Hata sisi hatujasalimika: katika asilimia kama 30 ya vinasaba, gorila yuko karibu na binadamu au na sokwe kuliko hao wawili wanavyokaribiana wao kwa wao, ingawa kwa ujumla ndugu yetu wa karibu ni sokwe.

Mkitaka kufanya la kweli, mifuatano halisi ipo bure kwenye hazina ya GenBank na programu ya MEGA haina malipo; kompyuta moja na bando dogo vinatosha. Tumieni jeni ya pol. Virusi vya Gombe vimeandikishwa kwa jina linaloanza na SIVcpzTAN. Vya Kameruni vilivyo karibu na kundi M tafuteni MB897 na LB7, na kilicho karibu na kundi N ni EK505. Ongezeni VVU vichache vya kundi M, kimoja cha N, kimoja cha O, na kirusi cha mangabe kiwe wa nje. Kazi itakayowala muda ni kupanga herufi ili safu ya kweli ikae chini ya safu ya kweli. Herufi moja iliyodondoka isipoachiwa pengo, kila kinachoifuata kinasogea na mti unaharibika. Kwa hiyo kirusi chenye jina la TAN kikitua katikati ya kundi M, msikimbilie Kibirizi na habari. Fungueni kwanza ule upangaji, mkague mapengo.